Mlima Mfupi Kuliko Lushoto

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, na nyie vijana mliojipanga huko nyuma karibu na masufuria ya pilau: asalaam alaykum, tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu wa Bukavu na Goma, jambo yenu.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini niseme habari za likizo yangu. Alipolitaja neno likizo niliona watu wanatazamana, na nilijua wanachokiwaza. Mama mtu mzima, badala ya kwenda nyumbani kumwona mama yake, au angalau kwenda kuota jua Hispania kama wenzake wa kazini, kachukua siku saba akaenda kutembea kwa miguu porini. Mvua inanyesha. Na hela katoa yeye.

Mngeniuliza miaka miwili iliyopita, ningekuwa upande wenu. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu kutembea ni kazi. Unatembea kwa sababu gari halifiki, au linafika lakini nauli huna. Utoto wangu wote nimepanda na kushuka milima ile nikiwa na mzigo wa kuni kichwani, na sikumbuki hata siku moja mtu akiniambia, mwanangu, simama utazame mandhari. Nilipohamia hapa Dublin, kitu cha kwanza nilichokipenda kilikuwa basi. Linakuja, unagusisha kadi, unakaa. Miaka minane Ayalandi yangu ilikuwa ile inayoonekana kwenye dirisha la basi moja: nyumbani, kazini, nyumbani, na Jumamosi duka la Mhindi kununua unga na bamia.

Kilichonitoa huko ni mzee mmoja niliyekuwa namhudumia. Kila asubuhi nikimwosha aliniuliza jambo moja la Tanzania. Mvua zenu zinaanza lini? Ng'ombe mnawafunga au mnawachunga? Siku hiyo akauliza, hivi bonde la Glendalough umelionaje? Nikamwambia sijafika. Akanyamaza, kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba kutoka pale alipolala ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Miaka minane, jamani. Mimi namsimulia Usambara yangu mpaka anajua majina ya vijiji, ya kwake sijaiona hata nyuma ya kilima cha kwanza. Niliona haya kama mgeni aliyekula nyumba ya watu miaka yote asijue hata shamba lao liko wapi.

Basi nikaanza kuuliza, na nikaambiwa habari za njia inayoitwa Wicklow Way. Inaanzia bustani ya Marlay, hapa hapa kusini ya mji, pale ambapo wengi wenu mmewapeleka watoto kwenye bembea. Inakwenda kusini, inakata milima ya Wicklow, inaishia Clonegal, kijiji kidogo cha jimbo la Carlow. Kilomita zipatazo 130. Ndiyo njia ndefu ya kwanza ya waenda kwa miguu kuwekewa alama katika nchi hii, na kipande chake cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1980. Wepesi wanaimaliza kwa siku tano. Sisi tulijipa saba, na nitawaambia mapema kwamba saba zilikuwa chache.

Nilipoitazama ramani nilicheka. Sehemu ya juu kabisa ya njia yote, kilima wanachokiita White Hill, ina mita 630. Lushoto mjini, pale stendi penyewe wanapouza matunda damu, ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata Lugnaquilla, mlima mrefu kuliko yote ya Wicklow, una mita 925. Nikamwambia shoga yangu wa Mombasa: hivi ni vichuguu. Kicheko kile nilikilipia, na malipo yalianza siku hiyo hiyo ya kwanza.

Tulikuwa watatu. Mimi, shoga yangu, ambaye kwao mlima ni ngazi za Fort Jesus, na kijana wetu mmoja wa Bukavu, mwanafunzi, aliyekulia kwenye miinuko ya Kivu na kutupita kila mpando huku akituita "mama, mama, fanyeni mwendo." Ilikuwa mwezi wa tano. Nausisitiza mwezi huo. Mvua haikosekani, lakini mchana ni mrefu mno: mwishoni mwa mwezi jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Shoga yangu alikuwa akiingoja Magharibi huku anasinzia.

Mnatoka Marlay, mnapita chini ya barabara kuu ya M50, na papo hapo mnaanza kupanda Kilmashogue. Nusu saa tu, geuka nyuma. Mji wote uko miguuni: ghuba, bandari, na ile minara miwili ya Poolbeg yenye mistari myekundu na myeupe. Niliitafuta hospitali yetu nikaiona, ndogo kama kiberiti. Sijui kwa nini jambo lile lilinifurahisha kiasi kile.

Hapo hapo shoga yangu akasimama, akanusa, akasema, "Nani anapika wali wa nazi?" Tukamcheka. Kisha nami nikanusa. Wallahi ni nazi! Kulia na kushoto palikuwa na vichaka vya miiba vimejaa maua ya manjano, huku wanaviita gorse, na ua lake jua likilipiga linatoa harufu ya nazi iliyokunwa. Mtu wa Pwani amekaa Ayalandi miaka sita, anakata kiu ya kwao kwa kunusa nazi kwenye makopo ya dukani, kumbe mlima mzima unanuka nazi saa moja kutoka kwake. Alichuma ua, likamchoma. Akachuma tena.

Yeye pia ndiye aliyeuliza kama hii "Kil" ya Kilmashogue na Kiltiernan ina undugu na Kilindi na Kilosa. Hapana. Kwa Kiayalandi ni cill, kanisa dogo, na mara nyingine ni coill, msitu. Jimbo lenyewe la Wicklow kwa lugha yao ni Cill Mhantáin, na masimulizi yanasema Mantán alikuwa mfuasi wa Mtakatifu Patrick aliyeng'olewa meno kwa mawe walipotia nanga ufukweni. Kwa hiyo mkiambiwa mnakwenda Wicklow, mnakwenda kwenye Kanisa la Kibogoyo. Ukizijua hizi, vibao vya barabarani vinaanza kusema. Gleann ni bonde, loch ni ziwa, cnoc ni kilima, baile ni makazi. Nchi uliyodhani imejaa majina ya Kiingereza yasiyo na maana, kumbe kila jina ni maelezo ya mahali.

Anayewaongoza njiani si mtu. Ni nguzo fupi zenye picha ya mtembeaji mdogo wa manjano na mshale. Sisi tulimwita Bwana Manjano. Kila njia panda yupo. Usipomwona kwa dakika kumi, umepotea, na kosa ni lako. Sisi tulipotea siku ya tatu kwa sababu tulikuwa tunabishana habari za mahari. Tulitembea nusu saa nzima kwenye msitu, mahari ikafika ng'ombe kumi na wanne, ndipo kijana wa Bukavu akasema taratibu, "Mama, ile mutu ya manjano, ni siku mingi hatujamwona."

Siku ya kwanza tulilala Knockree, hosteli, baada ya kilomita kama ishirini. Hapo ndipo kile kicheko kilipodai deni. Vilima vya nchi hii havikuui kwa urefu. Vinakuua kwa wingi. Unapanda, unashuka mpaka mtoni, unapanda tena ulichokishuka. Na buti zangu, mpya, nilizozinunua kwa bei ya kutupa kwenye duka nisilolitaja, zilikuwa zimefungua mdomo mbele kama mamba. Hosteli walinipa gundi ya karatasi, ile pana ya kufungia maboksi, nikazifunga. Malengelenge nilikuwa nayo matatu. Shoga yangu saba. Yeye alivaa raba.

Sasa siku ya pili, ambayo nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha.

Mnauvuka mto wa Glencree, mnapanda msitu wa Crone, na ghafla upande wa pili wa bonde yanaonekana maporomoko ya Powerscourt, mita 121, maji yanateleza juu ya mwamba kama kanga iliyoanikwa. Wanaokwenda kwa gari wanalipa kiingilio wakayatazame kutoka chini. Sisi tuliyatazama kutoka juu, bure, tukiwa na mkate na mayai ya kuchemsha. Kisha mnapanda bega la mlima Djouce, na hapo miti inakwisha. Inabaki mbingu, upepo, na mboji.

Niwaeleze mboji hii, maana wengi tunaisikia tu wazee wa huku wakisimulia walivyokuwa wakiichoma jikoni. Juu ya milima hii mvua ni nyingi, baridi ipo, udongo una asidi, kwa hiyo majani yakifa hayaozi. Yanalaliana tu, mwaka juu ya mwaka, yamelowa. Wanasema kwa wastani tabaka hukua kama milimita moja kwa mwaka. Pimeni wenyewe: ukizama mpaka kiunoni, umezama miaka elfu. Na mguu wa mtu unaichana. Wakipita watu mia mahali pamoja inakuwa tope, wanaofuata wanalikwepa tope wanakanyaga pembeni, na njia inatanuka kama jeraha. Ndiyo maana juu ya Djouce na White Hill wameweka mbao: mataruma ya zamani ya reli, mawili mawili, kilomita kwa kilomita, yamepigiliwa wavu wa waya juu yake ili usiteleze. Ile reli iliyong'olewa kwingine, leo inabeba miguu mlimani. Nilitembea pale kwenye ukungu, nasikia ko, ko, ko ya buti zangu zilizofungwa gundi, nikawaza: kila taruma hapa kuna mtu alilibeba.

Ukungu ulifunguka tulipoanza kushuka, na chini yetu likaonekana ziwa la Tay. Maji meusi tii, mchanga mweupe kichwani. Wenyewe wanasema ni bilauri ya Guinness, na kweli familia ya Guinness ilimiliki ardhi ile kwa miongo mingi. Siku yenye anga safi, kutoka juu huku unaona mpaka Wales, ng'ambo ya bahari. Sisi hatukuiona Wales. Tuliona jiwe.

Jiwe limesimamishwa kando ya njia, linalitazama ziwa, ni ukumbusho wa J. B. Malone. Huyu ndiye aliyeiwaza njia hii. Kwa miaka mingi aliandika safu kwenye gazeti la Evening Herald akiwaelekeza watu wa Dublin mahali pa kutembea mwisho wa juma, na mwaka 1966 alipendekeza humo njia ya kuizunguka Wicklow. Ikachukua zaidi ya miaka kumi hadi serikali ikaitika na yeye akapewa kazi ya kuichora. Alikufa 1989. Lakini lililonisimamisha pale si hilo. Bwana huyu, ambaye Waayalandi wanamhesabu kama baba wa njia zao, alizaliwa Leeds, Uingereza, mwaka 1913. Alikuja huku kijana. Aliifahamu nchi hii kwa miguu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka wenyeji wakawa wanamuuliza yeye njia.

Nikaketi pale nikala korosho. Miaka minane kwenye basi, nikasema moyoni.

Kesho yake, baada ya Roundwood na baada ya ule mjadala wa mahari, mvua ilitukuta karibu na Brusher Gap, mvua ya huku isiyopiga kelele, inayokulowesha kama umetapeliwa. Kumbe hapo kuna kibanda. Kuta tatu za magogo, paa, sakafu ya mbao, upande wa mbele wazi. Unalala bure. Viko vitatu katika njia yote: hicho, cha Mullacor na cha Mucklagh. Tulikuta vijana wawili Wajerumani wanachemsha chai, wakatusogezea. Nikauliza, nani kajenga? Wakanionyesha maandishi: Mountain Meitheal.

Neno hilo, meitheal, nililiuliza baadaye kwa mama mwenye nyumba tuliyolala. Akasema zamani wakati wa mavuno au wa kukata mboji, nyumba moja haiwezi peke yake, majirani wanakuja, leo kwako kesho kwangu, mwenye shamba anatoa chakula. Hiyo ndiyo meitheal. Nikamwambia, mama, kwetu tunaita msaragambo. Akalijaribu kulitamka mara nne. Na hawa Mountain Meitheal ni watu wa kujitolea, wana kazi zao kama sisi, mwisho wa juma wanapanda mlimani na makoleo kutengeneza njia na kujenga vibanda. Shoga yangu akasema kwao ni harambee. Kijana wa Bukavu akasema kwao iliitwa salongo, ila ile ya Mobutu, usipokwenda askari wanakuja. Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na linaweza kukuletea fedheha. Njia hii si ya umma kama barabara. Katika nchi hii huna haki ya kupita popote upendapo. Vipande vikubwa viko kwenye misitu ya Coillte, shirika la misitu la serikali, vingine ndani ya hifadhi ya taifa ya Milima ya Wicklow, lakini vingine ni shamba la mtu, na unapita kwa ridhaa yake. Tangu 2008 serikali inawalipa baadhi ya wenye mashamba kwa kutunza kipande cha njia kinachopita kwao, ila ridhaa ni ridhaa, anaweza kuiondoa. Kwa hiyo lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Penye ngazi ya kuvukia uzio, panda ngazi, usiruke waya. Mbwa mwache nyumbani, kondoo wenye mimba na watoto hawana mchezo naye.

Tulikutana na mwenye shamba mmoja, kwenye pikipiki ya magurudumu manne, uso mwekundu, hacheki. Akatutazama. Watu weusi watatu, mmoja kavaa hijabu, mmoja buti zimefungwa gundi. Nilijiandaa, mnajua ninavyojiandaa. Akauliza tunatoka wapi. Nikamwambia Dublin. Akasema hapana, kabla ya hapo. Nikasema Tanzania, milimani. Akauliza: mna kondoo? Nikasema tunao, wana mkia mpana wa mafuta. Jamani, yule mzee alizima pikipiki. Mkia wa mafuta wa nini? Unakatwa? Manyoya je? Nikamweleza kwamba wa kwetu wengi hawana manyoya ya kunyoa, wana nywele tu kama mbuzi. Dakika ishirini tumesimama kwenye upepo tunajadili mikia ya kondoo. Mwisho akasema manyoya ya wa kwake siku hizi hayarudishi hata gharama ya mnyoaji, na kwamba angefurahi kumpata kondoo asiyenyolewa. Akatuonyesha njia ya mkato kuepuka tope. Mimi mkulima nimewahi kuishi naye, ndiye baba yangu. Nilimtambua.

Glendalough sitaisema sana. Ni bonde la maziwa mawili, ndivyo jina linavyosema. Mtakatifu Kevin alijitenga huko karne ya 6, na pamebaki makanisa ya mawe na mnara wa mviringo wenye urefu wa mita kama 30, mlango wake uko juu zaidi ya kimo cha mtu. Zamani iliaminika kwamba kuhiji hapo mara saba ni sawa na kwenda Roma mara moja. Hadithi yake niliyoipenda ni ya ndege: Kevin alikuwa akisali amenyosha mkono, ndege akatua kiganjani akataga, naye hakuukunja mkono mpaka vifaranga vikaanguliwa. Pazuri. Ila mabasi ya watalii ni mengi, na baada ya siku tatu za ukimya niliona kelele. Yule mzee wangu nilimtumia kadi kutoka hapo. Niliandika: Nimefika, na nimefika kwa miguu.

Nilipopapenda mimi ni Glenmalure, kesho yake. Tulivuka bega la Mullacor kwenye mvua ya ubavuni, hatuoni mbele, tunamtegemea Bwana Manjano kama kipofu na fimbo. Tukashuka kwenye bonde refu, jembamba, lenye giza, nyumba moja moja. Mwaka 1580 mtemi wa Kiayalandi, Fiach McHugh O'Byrne, na watu wake walilivizia jeshi la Waingereza hapo wakalivunja. Baada ya uasi wa 1798, waasi waliobaki walijificha milima hii hii, na Waingereza wakaona dawa ni barabara. Waliijenga kati ya 1800 na 1809, kutoka Rathfarnham kukata milima mpaka Aghavannagh, na kambi za askari njiani. Gofu la kambi moja lipo Glenmalure, kuta tupu, kunguru ndani. Barabara ile ile leo waendesha baiskeli wanapigania kupiga picha. Sisi tuliotoka nchi ambazo reli na barabara zake nyingi zilichorwa na mtu aliyetaka kututawala, tulilitazama gofu lile bila kuhitaji mwongozaji.

Na Glenmalure simu yangu haikushika mtandao. Kabisa. Naona mmeguna. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, hakuna mtu aliyeweza kuniomba ada. Hakuna kikundi cha harusi, hakuna kikundi cha msiba. Saa ya kwanza niliogopa: mama akiugua je? Saa ya pili nilikuwa nainua simu juu ya kabati natafuta alama. Saa ya tatu nikaizima nikaenda kuketi mbele ya moto, soksi zangu zinafuka mvuke, nikamsikiliza shoga yangu akinisimulia marehemu baba yake, habari ambayo katika miaka sita ya urafiki hakuwahi kunisimulia, kwa sababu siku zote mmoja wetu alikuwa anakimbilia zamu. Mtandao uliporudi kesho yake jioni nilikuwa na ujumbe 64. Hakuna aliyekufa. Mmoja alitaka kujua kwa nini sijapenda picha yake.

Kusini ya hapo sitawadanganya: kuna saa nyingi za kuchosha. Misitu ya kupandwa, miti iliyosimama kama askari, chini giza, ndege hakuna. Kama mipaina ya Shume, anayepajua atanielewa. Waongozaji wengi huwashauri wageni waishie Glenmalure, na mtu mwenye siku nne tu, na afanye hivyo. Mimi nafurahi tuliendelea, maana baada ya daraja la chuma la mto Ow milima inalainika, inakuwa vilima vya malisho na vichochoro vyenye ua wa maua meupe pande zote. Karibu na Tinahely njia inapita mlangoni pa baa iitwayo The Dying Cow, Ng'ombe Anayekufa. Wanasimulia kwamba polisi walimkuta mwenye baa anauza baada ya saa za sheria, akajitetea kwamba hauzi, anawakirimu majirani waliokuja kumsaidia ng'ombe wake anayekata roho. Sisi tuliagiza chai. Chai ya huku ni nzito, ya maziwa, na si ajabu: chai nyingi ya Ayalandi huchanganywa na majani ya Kenya na Rwanda. Kijana wa Bukavu akasema basi hata sisi tumechanganywa humo, apewe kikombe cha pili.

Na siku ya mwisho, kabla ya Clonegal, tulipita nchi ya Shillelagh, iliyokuwa ardhi ya ukoo wa makabaila wa Fitzwilliam, wenye makao huko Coollattin. Kati ya 1847 na 1856, wakati wa njaa kuu ya viazi na baada yake, ukoo ule uliwasafirisha wapangaji wake wapatao 6,000 kwenda Kanada. Nyumba zikabomolewa, mashamba yakaunganishwa. Unatembea kwenye malisho ya kijani, mazuri mno, na uzuri ule ni wa mahali palipoondolewa watu. Tulikaa kimya sehemu ile. Sote watatu tuna nyumba tulizoziacha zimefungwa.

Clonegal hakuna ngoma wala medali. Kuna mto, daraja, maua madirishani. Shoga yangu alivua raba akazitia pipani mbele ya umma.

Sasa, Mwenyekiti ananionyesha saa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimekaa ugeni miaka minane. Tangu mwezi wa tisa uliopita, Jumamosi moja kila mwezi naenda na watu wa kujitolea mlimani, napewa koleo. Mara ya kwanza nilibeba mawe tu. Mara ya pili nilifundishwa kuchimba mfereji wa kutolea maji njiani, nikawaonyesha tunavyokinga maji kwetu Usambara kwa makinga maji ya mshazari. Kiongozi alitazama, akakwaruza kidevu, akasema tujaribu.

Kwa hiyo ninachokileta mbele yenu ni hiki. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, tukutane kwenye maegesho ya Marlay. Tutapanda mpaka juu ya Kilmashogue na kurudi, muda wa saa nne tu kwa mwendo wa mama mjamzito. Wenye watoto waje nao. Koti la mvua ni lazima hata kukiwa na jua, chakula mtabeba wenyewe, takataka tunarudi nazo. Suruali za jinzi acheni, zikilowa ni mzigo. Watakaotaka safari nzima ya siku saba mwakani, daftari liko kwa katibu pale mlangoni. Vitanda Glenmalure ni vichache, lazima tuwahi.

Na buti msinunue kabla hamjaniona. Nina jozi mbili nyumbani, namba 39 na namba 42, nzima, hazina gundi.